Seti ya mlangoni ya kuvuta shingo: inamfaa nani, inafungwaje, na inaharibikia wapi

Ndani ya boksi kuna vitu vichache: chuma kilichopinda cha kukaa juu ya mlango, kapi mbili, kamba ya nailoni, kijiti cha kutanua mikanda, kofia ya mikanda inayoshika kidevu na kisogo, na mfuko wa plastiki wa kujaza maji, ambao uzito wake ndio unaovuta kichwa juu kupitia kamba. Viwanda vingi hutengeneza seti hii kwa majina tofauti lakini muundo ni uleule, kwa hiyo hapa tunaupima muundo wenyewe na si jina lililochapwa kwenye boksi.

Tuseme mapema: hiki ni kifaa cha kazi moja. Kinamfaa mtu ambaye diski za shingo zimechakaa kwa umri hadi tundu la kupitishia mshipa wa fahamu limekuwa jembamba, na maumivu yanateremka mkononi. Kwa shingo iliyokakamaa tu, isiyo na maumivu ya mkono, hakuna sababu ya kukitolea pesa. Na kwa mtu ambaye uchakavu umeanza kubana ugwe mgongo, yaani mkongo mkuu wa fahamu unaopita katikati ya pingili, ni kifaa cha hatari.

Shingo inayohusika

Shingo ina pingili 7. Kati ya ya kwanza na ya pili hakuna diski. Kuanzia ya pili kwenda chini kila pingili imekalia diski. Umri unavyosonga, diski hupoteza maji na kusinyaa, pingili zinakaribiana, viungo vidogo vya nyuma vinabeba mzigo usio wao, na kingo za mfupa huota vijimifupa. Mara nyingi hali hii huwa mbaya zaidi kati ya pingili ya 5 na ya 6, na kati ya ya 6 na ya 7. Hapo ndipo mshipa hubanwa.

Baada ya miaka 60, watu wengi wakipigwa eksirei ya shingo wataonekana na mabadiliko haya, na wengi wao hawaumwi chochote. Picha peke yake basi si sababu ya kununua kifaa. Kinachoamua ni dalili. Ganzi au maumivu ya kuwaka yanayofika dole gumba na kidole cha shahada huelekeza kwenye mshipa wa fahamu wa 6 wa shingo. Yakiishia kidole cha kati, pamoja na udhaifu wa kunyoosha kiwiko, ni wa 7. Dalili nyingine ya kuaminika nyumbani: ukiweka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi na maumivu yakapungua, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni mzizi wa mshipa shingoni na si bega. Mtu wa namna hiyo ndiye seti hii ilitengenezwa kwa ajili yake.

Kuvuta hakuoteshi diski upya wala hakuondoi kijimfupa. Kunachofanya ni kupunguza mgandamizo kwenye tundu kwa muda, kulegeza misuli iliyojikaza kuulinda mshipa, na kuupa mshipa uliovimba nafasi ya kutulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 86 wenye mshipa uliobanwa shingoni katika makundi matatu: mazoezi peke yake, mazoezi pamoja na seti ya mlangoni, na mazoezi pamoja na mashine ya kuvutia ya kliniki. Waliotumia mashine ndio waliopata nafuu kubwa zaidi kwa muda mrefu, na seti ya mlangoni ikabaki nyuma yao. Jambo la kuzingatia ni kwamba makundi yote matatu yalifanya mazoezi. Anayening'iniza shingo mlangoni bila zoezi lolote anafanya kitu ambacho utafiti huo haukukipima kabisa.

Nani asiiguse

Hapa hatulegezi. Mtu anayeshindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko umeharibika, miguu mizito au anayumba akitembea, mkojo unamjia kwa haraka asiyoizoea, au akiinamisha shingo anasikia kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni, hizo ni dalili za ugwe mgongo kubanwa. Aende kwa daktari haraka na apigwe picha ya MRI. Tatizo la watu hawa ni kwamba mara nyingi hawaumwi sana, hivyo hujiona wako salama kuliko yule anayelia na mkono.

Wengine wa kukaa mbali ni wenye baridi yabisi ya rumatoidi, kwa kuwa ugonjwa huo hulegeza kano za pingili mbili za juu. Wenye sindromu ya Down kwa sababu inayofanana na hiyo. Waliopata ajali ya shingo karibuni. Wenye mifupa myepesi kuvunjika. Wenye saratani au maambukizi ya mifupa. Na wenye matatizo ya mishipa ya damu ya shingo. Mwenye ugonjwa wa kiungo cha taya naye ataumia, hata kama shingo yake inaruhusu.

Kufunga: hapa ndipo wengi hukosea

Kosa kubwa kuliko yote ni kukaa kwa kuupa mlango mgongo. Picha kwenye baadhi ya maboksi huonyesha hivyohivyo, na inapendeza kwa kuwa unaweza kutazama chumba. Lakini ukiupa mlango mgongo na kusogea mbele kidogo tu, kamba inavuta kichwa kwenda juu na nyuma. Shingo ikipinda nyuma, matundu ya mishipa hujibana. Ikiinama mbele, hufunguka. Yaani mtu analipa kupata kinyume cha alichokifuata, kisha anasema kifaa kimemzidishia maumivu. Kweli kimemzidishia.

Kaa ukiutazama mlango. Kamba inatakiwa ivute kwenda juu na mbele kidogo, shingo ikiwa imeinama kama nyuzi 20 hadi 25. Huhitaji kipimo cha pembe. Kama kutoka utosini hadi kwenye kapi ni sentimita 70 kwenda juu, basi kichwa kikiwa nyuma ya kapi kwa sentimita 30 unapata kama nyuzi 23. Kwa mlango wa mita 2 na kiti cha kawaida chenye urefu wa sentimita 45, watu wengi wa kimo cha wastani hukaribia kipimo hicho magoti yao yakiwa yanakaribia kugusa mlango. Kiti kiwe na mgongo wa kuegemea, nyayo zote mbili zikae sakafuni, na mikono ipumzike juu ya mto mapajani ili mabega yasiivute shingo kwenda chini.

Kofia ya mikanda ina sehemu mbili: ya mbele inapita chini ya kidevu, ya nyuma inashika mfupa wa kisogo. Nguvu iende kisogoni. Kidevu kinashikiliwa tu ili kofia isichomoke. Fupisha mkanda wa nyuma mpaka uhisi kisogo kinainuliwa kwanza, kisha kaza wa mbele kwa kadiri ya kugusa. Ukisikia meno ya juu na ya chini yanasagana, au maumivu mbele ya sikio, mkanda wa mbele ndio unaobeba mzigo. Legeza upya. Mwenye meno bandia ayavae wakati wa kuvuta, maana bila meno taya hupanda juu kupita kiasi. Kipande cha shashi iliyokunjwa kati ya magego husaidia. Kitambaa laini chini ya kidevu huzuia ngozi kuchubuka, hasa kwa mwenye ndevu fupi.

Kile kijiti cha kutanua mikanda kikae mlalo sawasawa. Kikiinama upande mmoja, shingo inavutwa kwa pembeni, na mtu hatambui mpaka kesho yake asubuhi. Mwombe mtu akutazame mara ya kwanza, au weka kioo mlangoni.

Mlango nao una masharti yake. Lazima uwe wa bawaba, mgumu, na usiozidi unene ambao chuma kinaweza kukumbatia. Pima kabla ya kununua, kwa sababu milango minene ya mbao hukataa. Ufunge kwa ufunguo, na upande wa pili bandika karatasi ya kuonya mtu asifungue. Mtu akifungua mlango kwa ghafla wakati shingo iko kwenye kamba, mshtuko huo ni mbaya kuliko chochote ambacho uzito ungeweza kufanya.

Maji kiasi gani

Mfuko umechapwa mistari, mara nyingi kwa pauni, hadi 20, ambazo ni kama kilo 9. Usiiamini mistari hiyo. Plastiki ikijaa hutanuka na mstari husogea. Pima maji kwa jagi lenye vipimo: lita moja ni kilo moja, na hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo. Pauni 8 ni lita 3.6, pauni 10 ni lita 4.5, pauni 12 ni lita 5.4.

Siku za mwanzo anza na lita 3 kwa dakika 10. Mwili ukikubali, panda taratibu hadi lita 4 au 5, dakika 15 hadi 20, mara moja au mbili kwa siku. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 4.5 hadi 5, kwa hiyo ukiwa umekaa, uzito wa maji karibu wote unaishia kukibeba kichwa chenyewe. Hicho ndicho kikomo cha seti hii. Ili pingili zivutwe hasa ungehitaji uzito zaidi, na kabla hujaufikia taya litakuwa limeshakataa. Mtu anayejaza mfuko hadi juu kwa kudhani zaidi ni bora huishia na kiungo cha taya kinachouma kwa wiki kadhaa.

Kapi nazo hula nguvu. Kwenye seti za bei ya chini kapi ni za plastiki bila beringi, na msuguano wake hubadilisha mvuto kulingana na kichwa kilipelekwa wapi mwisho. Kuna njia rahisi ya kujua. Chukua mizani ya ndoano ya kupimia mabegi ya safari, ifunge mahali pa kofia, vuta chini polepole usome, kisha iachie ipande polepole usome tena. Ukivuta inasoma zaidi ya uzito wa maji, ikipanda inasoma pungufu. Tofauti ikizidi nusu kilo, kapi hazifai. Badilisha kwa kapi ndogo za chuma.

Kumaliza kuna utaratibu wake. Usivue kofia huku mfuko ukining'inia. Weka stuli chini ya mfuko, inuka taratibu mpaka mfuko ukalie stuli, kaa dakika 2 au 3 mikanda ikiwa imelegea, ndipo uvue. Kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuona ukungu, au masikio kuvuma maana yake ni kuacha palepale na kutorudia kabla ya kumuona daktari.

Kusoma matokeo

Fuata maumivu yanahamia wapi, usiangalie ukali wake tu. Yakijikusanya kutoka vidoleni kurudi kwenye kiwiko, kisha bega, kisha shingo, unaenda vizuri hata kama shingo yenyewe inauma zaidi kwa muda. Yakiteremka kwenda vidoleni, au ganzi ikipanuka, acha. Nafuu inayodumu saa moja tu baada ya kuvuta si ya kudharau mwanzoni, lakini ikiwa wiki 2 hadi 3 zimepita na muda huo haujarefuka, seti haikufai na kuendelea ni kupoteza muda. Udhaifu wa misuli unaoongezeka haungoji wiki hizo.

Haki itendeke pia kwa mwili: mshipa uliobanwa shingoni mara nyingi hutulia wenyewe ndani ya wiki au miezi kadhaa. Sehemu ya sifa ambazo watu huipa kamba ni kazi ya muda.

Inaharibikia wapi

Mfuko ndio wa kwanza kufa. Mshono wa chini huanza kutoa jasho, kisha matone. Maji yanapungua, mvuto unapungua, na mgonjwa anadhani tiba imeacha kufanya kazi. Weka beseni chini na utazame kama kuna maji baada ya kila kipindi. Chupa ya plastiki ya lita 5 yenye mpini, iliyofungwa vizuri, ni mbadala bora kuliko mfuko wenyewe.

Pili ni kunata kwa mikanda. Nyuzi na nywele zikijaa kwenye sehemu ya kunatia, mkanda huteleza kidogokidogo chini ya uzito, na upande mmoja hulegea kabla ya mwingine. Isafishe kwa sindano au mswaki mkavu. Ikiteleza tena, nunua kofia mpya. Huuzwa peke yake. Tatu ni ndoano ya umbo la S inayounganisha kamba na kijiti: zile za waya mwembamba hufunguka mdomo. Ibane kwa koleo kabla ya matumizi ya kwanza, iwe kitu cha mwisho cha kuhofia.

Vinavyoshindana nayo

Kola ya kujaza upepo, ile ya tabaka tatu yenye kipira cha kubana, inauzwa sana mtandaoni na ndiyo tunayoipendekeza kwa uchache kuliko zote. Haina geji, hivyo hakuna anayejua inavuta kwa kilo ngapi. Inasukuma kutoka mabegani hadi chini ya taya, na kadiri inavyojaa ndivyo inavyoinua kidevu, yaani shingo inapinda nyuma. Pia inabana pande za koo ambako mishipa mikubwa ya damu inapita. Kwa mzee mwenye presha hilo si jambo dogo.

Upinde wa plastiki au sponji ngumu wa kulalia una dosari hiyohiyo moja: unapinda shingo nyuma. Kijana aliyechoka kwa kuinamia simu anaweza kuufurahia. Kwa mwenye matundu yaliyojibana, ni kifaa cha kumwamsha mshipa.

Kifaa cha pampu cha kulalia ndicho kinachoishinda seti ya mlangoni waziwazi. Mtu analala chali, kabari mbili zinashika kisogo pande zote, pampu ya mkono inavuta, na geji inaonyesha nguvu. Taya haliguswi. Kwa kuwa kichwa kimelala, nguvu haipotei katika kukibeba, na pembe hurekebishwa kwa kigingi. Bei yake ni mara kadhaa ya seti ya mlangoni. Anayetarajia kuvuta kwa miezi, au mwenye taya bovu, aanzie hapo asipitie mlangoni. Bora zaidi amuone mfiziotherapia amvute mara chache kwanza. Kama mvuto wa mikono yake hauleti nafuu, uwezekano wa kifaa cha nyumbani kuileta ni mdogo.

Kola ya kuvaa shingoni ina mahali pake pafupi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 205 walioanza kuumwa karibuni, ulionyesha kwamba kola ya ugumu wa kati iliyovaliwa wiki 3 kisha kupunguzwa katika wiki 3 zilizofuata ilipunguza maumivu ya mkono kuliko kusubiri tu, na mazoezi ya fiziotherapia yalifanya vivyo hivyo. Baada ya miezi 6 wote walilingana. Sponji laini haizuii shingo kugeuka, inakukumbusha tu. Kuivaa kwa miezi hudhoofisha misuli.

Kuhusu mto, la msingi ni kimo, na si umbo la mawimbi. Kwa anayelala ubavu, mto ujaze nafasi kati ya sikio na godoro, mara nyingi sentimita 10 hadi 13 ukiwa umeshabonyea. Anayelala chali ahitaji pungufu ya hapo.

Zoezi la kwenda nalo

Kwa kuwa kamba bila zoezi haina ushahidi wa kutosha, hili ndilo la chini kabisa: lala chali au kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama unayetengeneza kidevu cha pili, bila kuinua uso wala kuinama. Shikilia sekunde 5, achia, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Ongeza kuvuta mafupa ya mabega pamoja kwa nyuma, mara 10. Lifanye baada ya kuvuta, wakati misuli imelegea. Kabla ya kuvuta, shingo huwa imekaza na misuli ya juu ya mabega huiba kazi hiyo.

Ukiamua kununua seti, fungua boksi dukani. Angalia kama kapi zinazunguka kwa kidole bila kukwama, kama kofia ina pedi ya kidevu inayoondoka ili ifuliwe, kama kamba ina urefu wa kuacha mfuko sentimita 30 juu ya sakafu ukiwa umekaa, na kama maelekezo yanamwonyesha mtu akiutazama mlango.